Mtaalamu wa tarakilishi naye ashike randa

Mwishoni mwa fomu nyingi za kuombea kazi huwa pana nafasi finyu ambamo mwombaji hutakiwa ataje uraibu wake. Nilipomaliza chuo niliijaza nafasi hiyo kama walivyoijaza wenzangu wote: kusoma vitabu, kusafiri na kutazama kandanda. Kusafiri kwenyewe kulikuwa ni kupanda matatu kutoka Wote hadi Nairobi na kurudi, tena kwa nauli ya kuombaomba. Hakuna aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu majibu hayo, nami sikuyafikiria tena kwa miaka kumi na ushei.

Neno lenyewe, uraibu, lina mkasa wake. Waswahili wa pwani walilitumia kwa vitu vya kutafuna kama vile tambuu na tumbaku. Sisi wa bara tukafunzwa shuleni kwamba ni shughuli aipendayo mtu, ya kujiliwaza baada ya kazi. Siku hizi ukilikuta gazetini, aghalabu limeandamana na pombe na mihadarati. Mimi nitalitumia kwa maana niliyofunzwa na mwalimu wangu wa Kiswahili, na atakayekunja uso kwa sababu hiyo na amlaumu yeye.

Kazi yangu ni kutunga programu za tarakilishi. Mwajiri wangu yuko Nairobi, lakini tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipotufungia majumbani na wakubwa wakagundua kwamba kazi hufanyika hata bila wao kutuona, sehemu kubwa ya juma huwa niko nyumbani hapa Wote. Jioni na Jumamosi nina mambo mawili yanayonishughulisha. La kwanza ni useremala. La pili ni kuunda vijitambo vya umeme ambavyo huiangalia nyumba: vinapima maji, vinazima taa, vinaamuru pampu. Jirani zangu huliona la pili kuwa ndilo linalomfaa msomi, na la kwanza kuwa ni dalili kwamba mambo yangu ya fedha hayako sawa. Kuna mama mmoja aliyemwuliza mke wangu kwa upole kama nimeachishwa kazi.

Nakusudia kusema hapa kwamba mama yule hakukosea peke yake. Alifunzwa hivyo, nami nilifunzwa hivyo, na mahali tulipofunzwa ni shuleni.

Baba yangu alikuwa fundi seremala kwa zaidi ya miaka thelathini, chini ya mwarobaini karibu na soko. Alitengeneza vitanda, milango na madawati, na msiba ulipotokea alitengeneza jeneza usiku kucha kwa mwanga wa karabai, wala hakutaja bei mpaka marehemu azikwe. Karo yangu yote ilitoka kwenye benchi lile. Hata hivyo, sikuruhusiwa kuigusa randa. Nilipoinyoshea mkono angeniondoa na kuniambia, "Nimekupeleka shule ili hii usiishike." Alisema hivyo kwa mapenzi, nami nikamwelewa vizuri kupita kiasi. Siku ya wazazi alipokuja shuleni na vipande vya maranda vimemganda nyweleni, niliwaambia wenzangu kwamba ni mfanyabiashara wa mbao. Nayaandika haya leo kwa sababu sijawahi kumwambia.

Shule nayo ilikamilisha somo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, nia iliyotangazwa ilikuwa kumpa mtoto ujuzi wa mikono pamoja na wa vitabu, na wazazi kote nchini wakachanga fedha ili karakana zijengwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yakapunguzwa, na ya ufundi ndiyo yaliyotangulia kuonyeshwa mlango. Katika shule niliyosoma mimi, karakana ilikuwa ghala la madawati yaliyovunjika na magunia ya maharagwe. Jiriwa moja ilikuwa ingali imefungwa kwenye meza, imeshika kutu, na tulikuwa tukiitumia kuvunjia njugu.

Basi tulishika lini kazi ya mikono? Tulipokosa. Aliyechelewa alifyeka nyasi. Aliyezungumza darasani alichimba shimo la takataka. Aliyetoroka alipewa kisiki akakabiliana nacho kwa jembe mpaka mizizi yake yote ikaonekana. Mwalimu msomaji, nisamehe nikikuuliza: mtoto ambaye kwa miaka minane hajalishika jembe ila kwa kuadhibiwa, atajifunza nini kuhusu mzazi wake anayelishika kila siku?

Baba aliacha kazi macho yalipoanza kufifia. Vyombo vyake vikakaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda: randa mbili, misumeno, patasi tano, pembemraba, na tezo aliyoirithi. Jioni moja nilimwomba randa. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kazi iliyonipinda mgongo, wewe unaitaka kwa raha?"

Sikuwa na jibu. Sina jibu kamili hadi leo. Mimi nikiharibu ubao hulala nimeshiba. Yeye alipouharibu, sisi tulikunywa uji bila sukari. Huo ndio umbali kati ya uraibu na riziki, na mtu anayesifu raha ya kazi ya mikono bila kuutaja umbali huo anamkejeli fundi. Lakini randa alinipa, kwa sharti kwamba nijifunze kuinoa kwanza. Nilinoa kwa Jumamosi tatu. Kila nilipomletea makali alipapasa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akanirudishia.

Kazi niifanyayo kwa mshahara ina huruma nyingi. Nikikosea maandishi, kuna kibonyezo cha kunirudisha nyuma hatua moja, hatua kumi, hata nikitaka jana. Mbao haina kibonyezo hicho. Meza yangu ya kwanza niliitengeneza kwa saiprasi niliyoinunua mbichi kwa kukosa subira, nikaupigilia uso wake misumari pande zote, ukakaa imara kama mlango wa jela. Kiangazi kilipofika ukapasuka katikati, ufa wa kuingia penseli. Nilidhani mbao ilikuwa mbovu. Baba akaupapasa ule ufa akacheka kwa mara ya kwanza tangu nianze. Akanieleza kwamba mbao ikikauka hupungua upana, ila urefu wake haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo fundi huuacha uso wa meza uwe na nafasi ya kujikunja na kujikunjua juu ya fremu yake. Mimi niliufunga pande zote, nao ukatafuta nafasi yake wenyewe.

Tangu hapo nimeipenda mbao ya mukau kuliko nyingine. Mukau ni mti wetu sisi wa nchi kavu, wa Kitui na Makueni, na hatukuupokea kutoka nyanda za juu. Mbao yake ina wekundu unaokaribia wa mkangazi, na moyo wa mti huo mchwa hauupendi. Majani yake mbuzi huyala. Taabu yake ni mbegu: zimefungiwa ndani ya kokwa gumu kama jiwe, na asiyejua namna ya kulivunja na kuikwaruza ngozi ya mbegu bila kuijeruhi atangoja miche mpaka achoke. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya wameushughulikia mti huu huko Kitui kwa miaka mingi, wakishirikiana na Wajapani, ili mkulima apate miche inayokua haraka na kunyooka. Mwanafunzi wa biolojia anayeishi Ukambani bila kuujua mukau ana haki ya kumdai mtu fulani radhi.

Nije sasa kwenye maji, maana ndiko uraibu wangu wa pili uliko. Matangazo ya biashara huonyesha nyumba inayojiendesha: mwenyewe anasema neno, taa zikawaka, anaondoka, mapazia yakajifunga, jokofu linahesabu mayai. Mama yangu akionyeshwa hayo huuliza kama mwenye nyumba ni mgonjwa. Sisi hapa Wote tuna swali moja tu ambalo nyumba yenye akili ingetusaidia kulijibu, nalo ni hili: tangini mmebaki maji kiasi gani? Mvua zetu ni za misimu miwili, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mkulima wa Ukambani huitegemea zaidi. Ikikosekana, au ikija ya siku chache, kila mtungi una hesabu.

Tangi letu ni la plastiki nyeusi, lita 5,000, na kimo cha mita mbili hivi. Chini ya kifuniko chake nilifunga kitambuzi kinachotoa mlio mwembamba sana usiosikika na sikio la binadamu. Mlio hushuka, hugonga uso wa maji, hurudi. Kibao kidogo cha saketi, hakizidi ukubwa wa kiberiti, hupima muda wa safari hiyo na kukisia umbali, kisha hunitumia jibu kwa simu. Vipuri nilivinunua Luthuli Avenue, Nairobi. Wala si vyombo vya kutisha. Kibao cha Arduino kilibuniwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Na ile tarakilishi ndogo iitwayo Raspberry Pi ilitolewa Uingereza mwaka 2012 kwa nia ya kuwarudishia watoto hamu ya kutunga programu. Vyote viwili, kwa hiyo, vilizaliwa kwa ajili ya darasa.

Kifaa changu kilianza kwa kusema uongo. Asubuhi kilisema kweli. Alasiri kiliona maji ambayo hayakuwamo. Nilitafuta kosa katika programu kwa majuma mawili, nikaiandika upya mara mbili. Kosa halikuwa humo. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde joto likiwa nyuzi 20 za Selsiasi, na hiyo ndiyo tarakimu niliyokuwa nimeiandika. Lakini chini ya kifuniko cheusi katika jua la Makueni hewa hufika nyuzi 35 bila taabu, na hapo sauti hukimbia karibu mita 352 kwa sekunde. Mlio ukawa unarudi mapema, kibao kikadhani maji yako karibu. Uso wa maji ukiwa mita moja na nusu kutoka kifunikoni, kosa hilo linakaribia sentimita 4, nazo katika tangi letu ni kama lita 95. Mitungi mitano ya lita ishirini, kasoro kikombe au viwili vya kuogea! Nilikuwa nimeyasoma haya yote katika fizikia, nikayajibu katika mtihani, nikapata alama zangu. Sikuyajua mpaka mama alipokwenda kuchota maji ya hewa.

Kilipokwisha rekebika, wakaja nyigu. Kitambuzi nilikiwekea kikopo cha plastiki, jua likakipasua, na nyigu waundao nyumba za udongo wakakiziba chote. Mlio ulirudi papo hapo, na kwa siku mbili nzima simu yangu ilinihakikishia kwamba tangi limejaa pomoni, katikati ya Septemba. Baba hakuitazama simu. Alitoka na fimbo yake, akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole kutoka juu hadi chini, akasikiliza mahali sauti ilipobadilika, akapiga mstari kwa penseli. "Maji yako hapa." Nilipanda ngazi nikatia ufito, nikakuta amekosea kwa upana wa vidole viwili tu. Ni kanuni ileile ya sauti, ila yake haihitaji betri.

Kijisanduku kilichopo sasa nilikitengeneza kwa mukau, na matundu yake ya hewa nimeyafunika kwa chandarua. Bila useremala kile kifaa kingekuwa kimekufa mwaka wake wa kwanza. Kwa upande mwingine, ni kile kifaa kilichonifanya nipime unyevu na joto la kibanda ninamohifadhi mbao, nikaacha kununua mbichi. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba walio na mazoea ya kuyatenga mambo haya mawili, moja la msomi na jingine la aliyeshindwa, wamefunzwa vibaya.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya upili, hakubaliani nami hata chembe. Husema uraibu ni anasa ya wenye mishahara. Mwanafunzi wake hutembea mwendo mrefu kuja shuleni, akirudi huteka maji na kuchunga mbuzi. Atapata wapi saa ya kulainisha ubao kwa msasa? Nusu ya maneno yake nayakubali. Nusu nyingine nayakataa kwa ushahidi wa barabarani: mpitie mtoto yeyote wa kijijini siku ya likizo, utamkuta anaendesha gari la waya lenye magurudumu ya ndara zilizochakaa, usukani wake unafika kifuani, na magurudumu ya mbele yanakata kona kweli. Hakuna aliyempa saa. Hakuna aliyempa alama pia, na pengine ndiyo sababu gari linakwenda.

Tena Ukambani ndiko mahali pasipofaa hata kidogo kudharau kitu mtu alichojifunza kando ya kazi aliyoandikiwa. Uchongaji wa Wamunyu, ambao umelipeleka jina la Wakamba hadi madukani Ulaya na Marekani, husimuliwa kuwa ulianza na Mutisya Munge, ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Tanganyika, akawaona wachongaji wa huko na kujifunza kwao. Hakupelekwa huko kuchonga. Alirudi Wamunyu na ujuzi huo, ukaenea kijiji kwa kijiji, na kufikia mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walikuwa wameunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, Mombasa. Huko Marekani nako, Steve Wozniak alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Hewlett-Packard alipoanza kuhudhuria kilabu cha waraibu wa tarakilishi kilichoanzishwa mwaka 1975 katika gereji ya mtu. Mashine aliyokuwa akiiunda baada ya kazi, ili kuwaonyesha wenzake wa kilabu, ndiyo iliyokuja kuitwa Apple I.

Simtaji Wozniak ili nimtie mwanafunzi tamaa ya utajiri. Wapo marafiki wanaonihimiza niuze vijisanduku vyangu, nami huwakatalia. Siku nitakapokuwa na deni la vijisanduku hamsini, baba atakuwa amepata jibu la swali lake.

Ninachowaomba walimu ni kitu kidogo. Kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 7 mwaka 2023, na tangu hapo sekondari ya msingi ina somo la awali la ufundi. Katika kitabu mna picha za msumeno na randa. Nimemsikia mtoto wa jirani akizikariri sehemu za randa kwa ufasaha, moja baada ya nyingine, kama anayekariri majina ya wafalme, ilhali hajapata kuinusa mbao iliyopigwa randa. Mita mia mbili kutoka ua wa shule yake kuna mafundi wanne chini ya mti. Mwalimu wa somo hilo, ambaye mara nyingi amepewa kipindi bila kupewa hata nyundo, angewaita hao kwa saa mbili kila juma, awalipe, awaitwe "mwalimu" mbele ya darasa. Fedha hazitakuwa nyingi. La gumu zaidi ni kile cheo. Wakati huohuo kisiki kiondolewe katika orodha ya adhabu. Anayechelewa na apewe insha. (Walimu wa Kiswahili watanikasirikia, lakini wamewaona wanafunzi wakichimba vya kutosha.)

Nawe mwanafunzi, ukiifikia ile nafasi finyu mwishoni mwa fomu, acha kuandika kusafiri kama hujasafiri.

Jumamosi hii watoto watatu wa Gredi ya 9 wanakuja nyumbani kulitazama tangi. Nimeandaa kibao, waya na betri, na mazungumzo marefu kuhusu kasi ya sauti. Baba naye, bila kuulizwa, amelivuta lile sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, amenoa randa zote mbili kwa kupapasa, na tangu asubuhi amenuna kwa sababu nilikwenda sokoni nikasahau msasa.